Ukizimia Baada ya Sindano Ukavunjika Mkono, Nani Anawajibika?

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu, maabara yoyote ya Moshi. Mzee wa miaka 67 ametoka Rombo na gari la alfajiri. Ameambiwa asile kitu tangu saa mbili usiku kwa sababu anapimwa sukari na mafuta kwenye damu. Amekaa foleni saa mbili nzima kwenye benchi lisilo na egemeo. Anaitwa, anakunja ngumi, vinajazwa vichupa vitatu, anabandikwa pamba. "Mzee, majibu saa saba. Anayefuata!" Anasimama. Hatua ya nne anapiga miayo, jasho jembamba linamtoka juu ya mdomo, anapapasa ukuta asiupate. Kidevu kinatua kwenye ukingo wa kigae mlangoni. Meno mawili yametoka, kidevu nyuzi sita, kifundo cha mkono kimevunjika.

Ndugu wanafika wakisema hospitali ilipe. Hospitali inasema kuzimia ni jambo la kawaida. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Kuzimia kwenyewe mara nyingi hakuna mwenyewe. Kuanguka ndiko kunakoweza kuwa na mwenyewe, na sheria inauliza zaidi kuhusu kuanguka.

Kwanza mwili. Mtu akiumia, akiogopa au akiona damu, mshipa wa fahamu uitwao vagasi unapunguza ghafla mapigo ya moyo, na wakati huohuo mishipa ya miguuni inalegea. Damu inashuka chini, ubongo unapungukiwa kwa sekunde chache, mtu anadondoka. Akishalala bapa damu inarudi kichwani, na wengi huzinduka ndani ya dakika moja. Njaa, kiu, joto na kusimama muda mrefu huongeza uwezekano. Haina maana kwamba dawa ilikuwa na sumu au sindano ilichomwa vibaya. Wala si mapepo, ingawa kwenye foleni yetu hakosekani mtu wa kuanza kukemea.

Hali hii inajulikana sana kwenye kutolewa damu, chanjo, kuchangia damu, kung'olewa jino na kuwekewa kitanzi, kwa sababu kuguswa kwa mlango wa kizazi nako huamsha mshipa uleule. Mama aliyejifungua usiku na anainuka mara ya kwanza kwenda kuoga yumo kwenye hatari hiyohiyo. Yumo pia aliyechomwa ganzi ya mgongo, na anayetoka kusafishwa damu kwenye mashine ya figo. Basi kama jambo linajulikana kiasi hiki, mtoa huduma hawezi kusema lilimshtukiza. Hapo ndipo wajibu unapoanzia.

Uangalifu unavyoonekana kwa macho

Swali la kwanza halichukui hata sekunde kumi: "Shikamoo mzee. Umewahi kuzimia ukichomwa sindano au ukiona damu? Umekula saa ngapi?" Akisema amewahi, analazwa kitandani na damu inatolewa akiwa amelala. Kama hajawahi, anakaa kwenye kiti chenye egemeo na mikono, si stuli wala ukingo wa benchi. Akimaliza, haambiwi "anayefuata" huku yeye bado ameshika pamba. Anabaki amekaa.

Abaki kwa muda gani? Kwa chanjo, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri mtu aangaliwe kwa dakika 15 akiwa amekaa au amelala, hasa vijana, kwa kuwa wengi wanaozimia huzimia ndani ya muda huo. Kwenye kuchangia damu ni dakika 10 hadi 15 za kupumzika huku mtu anakunywa kitu. Chupa moja ya damu ni karibu mililita 450, na ndiyo sababu Damu Salama wanataka mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi. Nusu lita ya maji kabla ya kuchangia inasaidia kweli. Inasaidia pia kupishanisha miguu na kukaza mapaja na makalio, kwani damu inasukumwa irudi juu.

Aliyekuwa kitandani anainuliwa kwa vituo. Anakaa ukingoni dakika moja au mbili, miguu inaning'inia, anaulizwa kama anaona kizunguzungu, halafu anasimama akiwa ameshikwa. Kwa mzee au mtu wa dawa za presha, presha inapimwa amelala, kisha inapimwa tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, haruhusiwi kutembea peke yake kwenda hata chooni.

Akizimia licha ya yote hayo, kosa kubwa kwetu ni huruma isiyo na maarifa: watu watatu wanamshika makwapani na kumsimamisha, au wanamrudisha kwenye kiti akiwa bado hana fahamu. Ubongo unaendelea kukosa damu, mwili unaanza kutetema, na sasa kila mtu anasema ana kifafa. Alazwe chini palepale, miguu iinuliwe kama sentimita 30 juu ya kiti au begi, ageuzwe ubavu akitapika. Maji yasimwagwe mdomoni kabla hajazinduka vizuri. Asipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, au akilalamika kifua, hiyo si ile ya kawaida, aitwe daktari.

Na kama kichwa kiligonga sakafu, asiende nyumbani kwa kusema "niko sawa". Kutapika mara kwa mara, usingizi mzito, kuchanganyikiwa, au kuwa mtumiaji wa dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini ni sababu ya kufikishwa haraka kwenye hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa.

Sheria inatafuta nini

Uzembe kama kosa la madai tuliurithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, iliyopokelewa nchini Tanzania kwa tarehe 22 Julai 1920 kupitia Sura ya 358 ya sheria zetu. Mdai anathibitisha mambo manne: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliuvunja, kwamba kuuvunja huko ndiko kulikosababisha jeraha, na kwamba jeraha lipo. La kwanza na la mwisho kwa kawaida hayana ubishi. Vita iko kwenye mawili ya katikati.

Kuhusu kuvunja wajibu, mahakama zetu hutazama kipimo cha shauri la Bolam la Uingereza la 1957: je, wataalamu wenye kuwajibika wa fani hiyo wangeona alichofanya kinakubalika? Shauri la Bolitho la 1997 likaongeza kwamba hoja ya wataalamu hao lazima iwe na mantiki, isiwe tu "sisi hapa ndivyo tunavyofanya". Kwa hiyo nesi akisema "hapa hatusubirishi mtu, foleni ni ndefu", amejieleza lakini hajajitetea.

Kwenye kusababisha ndipo madai mengi yanapofia. Swali si "ningezimia?" bali "wangefanya walichopaswa, ningeumia?" Kwa mzee wetu jibu liko karibu: angesubirishwa dakika 15 kwenye kiti chenye mikono, angezimia akiwa amekaa, na kidevu kisingekutana na kigae. Lakini mtu aliyepumzishwa, akapewa maji, akaelezwa, halafu akaanguka saa mbili baadaye akiwa sokoni Mbuyuni, kamba inayomfunga na maabara ni nyembamba sana. Inaweza kushika tu kama hakuambiwa chochote: anywe maji, asipande ngazi, asibebe mzigo, alale chini akisikia kizunguzungu.

Usitegemee hoja kwamba "ajali inajisema yenyewe". Hoja hiyo inafaa kitambaa kilichosahaulika tumboni baada ya upasuaji. Watu huzimia hata walipoangaliwa vizuri, kwa hiyo kuanguka peke yake hakuthibitishi uzembe wa mtu.

Na mgonjwa naye ana sehemu yake. Aliyeulizwa kama amewahi kuzimia akaficha, au aliyeambiwa asubiri akajibu "nawahi gari la Tarakea", fidia yake inaweza kupunguzwa kwa kadiri alivyochangia, au akakosa kabisa. Nesi mwenye akili anaandika kwenye faili: ameelezwa, amekataa kusubiri, saa fulani, na anamwomba asaini. Mstari huo mmoja una nguvu kuliko mashahidi watano.

Vipi fomu ya ridhaa uliyosaini? Inaonyesha kwamba ulielezwa hatari zilizotajwa na ukazikubali. Haimaanishi umekubali kuhudumiwa kizembe. Ukiona maneno "hospitali haitahusika na lolote", usikate tamaa kabla wakili hajaisoma.

Nani hasa wa kumdai

Nesi au mtaalamu wa maabara aliyekuhudumia anawajibika, lakini kwa vitendo anayelipa ni mwajiri wake, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ya mwajiriwa aliyoyafanya akiwa kazini. Hapo mtego wa kwanza ni jina. Kilimanjaro na Arusha zimejaa hospitali za makanisa, na jina lililo kwenye ubao wa getini mara nyingi si mtu wa kisheria anayeweza kushtakiwa. Wa kushtakiwa ni bodi ya wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi, jimbo au shirika linalomiliki. Kliniki binafsi nayo inaweza kuwa kampuni au jina la biashara la daktari mmoja. Angalia leseni iliyobandikwa ukutani na jina lililo kwenye risiti ya EFD, kisha wakili ahakiki. Kesi iliyofunguliwa kwa jina lisilo sahihi inaweza kutupwa kabla mtu hajauliza mkono wako unaendeleaje.

Mtego wa pili ni hospitali ya serikali, iwe ya mkoa, ya wilaya au kituo cha afya cha halmashauri. Chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa madai yako, nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi hata unapoidai halmashauri, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama dai ni la meno mawili. Masjala za Mahakama Kuu zipo Moshi na Arusha, kwa hiyo si lazima kusafiri, ila gharama zake si za Mahakama ya Wilaya. Kwa hospitali teule, ya kanisa lakini yenye mkataba na watumishi wa serikali, usibahatishe: notisi itolewe, na wakili aamue nani anaunganishwa.

Mwenye jengo anaingia pale sakafu ilipochangia: vigae vimepigwa deki bila alama, ngazi haina mshikio, choo cha wagonjwa kina kizingiti cha juu. Maabara nyingi za mjini zimepanga vyumba, na mara nyingine mpangaji na mwenye nyumba wote wana la kujibu.

Kama ulikuwa unapimwa kwa agizo la kazi, mathalani mpishi wa hoteli au mfanyakazi wa kiwandani kwenye upimaji wa afya mahali pa kazi, au chanjo ilitolewa ofisini, ongea na mwajiri siku hiyohiyo aripoti Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Njia hiyo haidai uthibitishe uzembe wa mtu, inaangalia kama umeumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Kwa wengi ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika.

Shuleni kuna la kuangalia zaidi. Mkoa wa Kilimanjaro ndiko chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilikoanzia majaribio mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima 2018, na wasichana wa umri wa kupewa chanjo hiyo ndio hasa wanaozimia baada ya sindano. Wanapangwa mstari juani, kila mmoja anamwona mwenzake akichomwa, wa kwanza akianguka wa tatu na wa saba wanafuata. Mstari uwe kivulini, anayechomwa asionwe na wanaosubiri, na waliochomwa wakae chini dakika 15 mwalimu akiwatazama. Mtoto akiumia, wanaotazamwa ni timu ya chanjo na shule yenyewe, kwa kuwa kwa saa hizo ilisimama mahali pa mzazi.

Halafu kuna dereva. Aliyepewa dawa ya kusinziza, kwa mfano kwa kipimo cha kuingiza mpira tumboni, haendeshi gari wala bodaboda kwa saa 24 na anatakiwa kuondoka na mtu mzima. Hospitali isiyomwambia hivyo imejiweka pabaya. Lakini akiambiwa, au akisikia kizunguzungu na bado akawasha pikipiki, akamgonga mtu pale mzunguko wa YMCA, hawezi kujificha nyuma ya kuzimia: alijua, akaendesha. Aliyegongwa atamdai yeye na bima yake, na hapo ndipo PF3 ya polisi inahitajika. Kwa aliyeanguka ndani ya wodi, kikubwa ni faili.

Saa 24 za kwanza

Piga picha ya kiti, sakafu, ngazi na viatu ulivyovaa. Chukua namba za simu za watu wawili au watatu waliokuwa kwenye foleni, kwa sababu kesho kila mmoja yuko kwao Machame au Same. Tunza risiti ya EFD ya kipimo: ina saa iliyochapwa, na ukiilinganisha na saa ya kuanguka iliyoandikwa kwenye faili unapata zile dakika zinazobishaniwa. Andika jina la aliyekuhudumia kama lilivyo kwenye beji.

Kabla ya jioni mpelekee mganga mfawidhi barua fupi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Iseme mambo matatu tu: nini kilitokea na saa ngapi, naomba picha za kamera za siku hii zihifadhiwe, naomba nakala ya taarifa zangu za matibabu. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo barua ya mwezi ujao ni ya bure. Kuhusu taarifa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuziomba, na ukizungushwa kuna Tume yake ya kulalamikia.

Matibabu ya jeraha yafanyike mahali pengine ikiwezekana, daktari aandike chanzo: "alianguka baada ya kutolewa damu". Weka kila risiti, hata ya bajaji. Hasara halisi, yaani pesa zilizotoka mfukoni, lazima itajwe kwa hesabu na kuthibitishwa kikamilifu; Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililoripotiwa 1992. Fidia ya maumivu ni hiari ya hakimu au jaji, lakini ya meno ni ya karatasi. Mama wa mboga wa soko la Kilombero, Arusha, asiye na hati ya mshahara atoe taarifa za miamala ya simu na daftari la kikoba, yaonyeshe kipato kabla na baada.

Sasa bahasha. Mara nyingi kabla ya wiki kuisha atakuja mtu wa utawala, mpole kabisa, na shilingi laki mbili za "pole" na karatasi ya kusaini. Pokea pole, soma karatasi. Ikisema "sina madai mengine yoyote", umeuza mkono kwa laki mbili, na kifundo cha mzee kinaweza kudai upasuaji mwezi wa pili kisipounga vizuri. Andika kwa mkono wako: nimepokea kama msaada wa matibabu, haki zangu nyingine zinabaki. Wakikataa maneno hayo, umeshajua pole ile ilikuwa nini. Suluhu si jambo baya, mengi ya haya humalizwa mezani na yanapaswa kumalizwa mezani, ila subiri daktari aseme jeraha limefikia mwisho wake.

Malalamiko ya kitaaluma ni njia nyingine. Daktari anapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi Baraza la Uuguzi na Ukunga, mtu wa maabara baraza la taaluma yake. Mabaraza yanagusa leseni, hayakulipi. Yanachoweza kukupa ni uchunguzi wa wataalamu ambao peke yako ungeugharamia sana.

Mahakama ya Mwanzo si mahali pa dai hili. Dhidi ya binafsi unaanza Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kulingana na kiasi, na mkifika huko mtapitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Muda wa kudai kwa uzembe ni miaka mitatu tangu kuumia, chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwa serikali toa notisi mapema, usingoje mwaka wa tatu ndipo uanze kuhesabu siku 90. Mtoto aliyeanguka kwenye mstari wa chanjo, miaka yake mitatu inaanza kuhesabiwa atakapofika 18, ila mwalimu aliyekuwepo atakuwa ameshahamishwa, na daftari la chanjo limeliwa na mchwa.